Muulize Nesi: Nimepewa tarehe ya kukatwa tumbo, nijiandaeje?

Safari hii maswali mengi yamefanana, ni watu ambao wameshapewa tarehe ya upasuaji wa kupunguza uzito na sasa wako nyumbani na karatasi za hospitali, hawajui kipi cha lazima na kipi ni maneno tu ya madaktari. Nimefanya kazi thieta na wodini na wagonjwa hawa miaka kadhaa, kwa hiyo nayajibu kama ninavyowajibu wao wakinivuta pembeni koridoni.

Dada Nesi shikamoo. Imebaki wiki tatu nikatwe tumbo. Daktari kanipa daieti ya wiki mbili kabla, chakula kiduchu, wanga karibu hamna kabisa. Mume wangu anasema nile tu sasa hivi maana baadae sitaweza tena, na kwani si naenda kukatwa nipungue? Kiukweli naona kama ana pointi. Natumia pia vidonge vya kisukari. — Mama wa wawili

Marahaba mdogo wangu. Msalimie shemeji, ila hapo amekosea. Hiyo daieti haijawekwa ili ukonde, imewekwa kwa ajili ya ini. Ini limelala juu ya tumbo la chakula, hasa ule upande wake wa kushoto, na daktari akiingia na kamera kwa yale matundu madogo inabidi alinyanyue kwanza na chuma ndo aone anachokata. Sasa kwa mtu mwenye uzito mkubwa ini mara nyingi limejaa mafuta na sukari ya akiba, na ile akiba haikai peke yake, kila gramu 1 inashika maji kama gramu 3 hivi. Ukikata wanga, ukabaki na kalori 800 mpaka 1000 kwa siku kwa wiki mbili, akiba inatumika, maji yanatoka, na ini linasinyaa na kuwa laini.

Niliwahi kusimama thieta siku ambayo mgonjwa hakuifuata. Kamera imeingia, kwenye skrini likatokea ini la rangi ya njano, nene, kingo zake za mviringo kama mto wa kulalia wakati zinatakiwa ziwe nyembamba. Daktari akilinyanyua linateleza, akilinyanyua tena likaanza kuvuja damu pale chuma kilipogusa. Akanyamaza kidogo, akajaribu upande mwingine, alafu akasema, tufunge. Yule dada aliamka na plasta tano tumboni na tumbo lake zima kama alivyokuja nalo. Wodini akaniambia huku analia kwamba ndugu zake walikuwa wanamuaga kwa sahani wiki nzima, kila siku nyumba nyingine, na kwenye fomu alijaza kwamba daieti amefuata. Alirudi miezi miwili baadae, safari hii amefuata kweli, na ini likanyanyuka bila tabu.

Siku ya tatu na ya nne ndo ngumu, kichwa kinauma, mdomo unanuka, unamchukia kila anayetafuna karibu yako. Kunywa maji ya kutosha, wengi ikifika siku ya tano au ya sita njaa inatulia. Lakini vile vidonge vyako vya kisukari ndo vimenishtua zaidi ya maneno ya mumeo. Usianze daieti kabla aliyekuandikia dawa hajapanga dozi upya, maana chakula kimepungua na dawa iko palepale, na kama ni insulini au vidonge kama glibenclamide na gliclazide sukari inaweza kushuka mpaka uanguke bafuni. Zile dawa ambazo majina yake yanaishia na "flozin" nazo zina taratibu yake, husimamishwa siku 3 au 4 kabla ya upasuaji, na wengi husimamishwa tangu daieti inaanza, kwa sababu mwili ukikosa wanga huku unazitumia unaweza kujaa asidi kwenye damu hata kama sukari inasoma vizuri. Piga simu leo, usisubiri kliniki ijayo.

Nesi, mimi mwanaume miaka 44. Kwenye fomu niliandika sivuti sigara. Ukweli navuta nne tano kwa siku. Nikiacha siku mbili kabla si inatosha? — Msomaji

Kaka, haitoshi. Hospitali nyingi zinataka angalau wiki 6 bila sigara, nyingine zaidi. Moshi unabana mishipa midogo ya damu, na kidonda chako kipya cha ndani kinategemea hiyo hiyo mishipa kupona, kisipopona vizuri pale paliposhonwa panaweza kuvuja na hapo ndo unarudishwa thieta usiku. Mapafu yako nayo yanatakiwa yaamke vizuri baada ya dawa ya usingizi, na damu isigande miguuni. Na kama ni baipasi unafanya, ile operesheni ya kuunganisha kifuko kidogo cha tumbo na utumbo, alafu ukarudi kuvuta, unajitafutia vidonda pale utumbo ulipounganishwa, hivyo vinauma kweli kweli na vinaweza kutoboka.

Halafu wana kipimo cha mkojo au damu, nikotini inaonekana. Ukisema ukweli kitakachotokea ni tarehe kusogezwa na labda kupewa dawa au viraka vya kukusaidia kuacha. Nimeona wagonjwa wengi wakiona aibu kusema mambo matatu: sigara, pombe na dawa za mitishamba. Hizo mitishamba tunazitaka kwa majina, au njoo na kopo lenyewe, kwa sababu kuna zinazofanya damu isigande na daktari wa usingizi asipojua ni hatari. Na mkeo akikwambia unakoroma alafu kama unakata pumzi, hilo pia liseme, upimwe usingizi mapema. Ukipewa mashine ya kupumulia usiku anza kuizoea sasa na siku ya kulazwa uje nayo, watu wanaiacha nyumbani kila mara sijui kwa nini.

Mambo dada! Rafiki yangu kafanya slivu kapungua balaa, na mimi nataka hiyo hiyo, ila daktari ananizungusha na vipimo, mara kamera ya tumboni mara damu. Nina kiungulia cha siku nyingi lakini hicho si kitu. — Mrembo mtarajiwa

Poa mrembo, ila hicho kiungulia ni kitu, na pengine ndo sababu ya yote hayo. Slivu wanakata na kutoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya tumbo, kinabaki kimrija chembamba mfano wa ndizi, na ndani ya kimrija hicho presha inapanda, kwa hiyo mwenye kiungulia kikali kinaweza kumzidi na kuna wanaoishia kufanyiwa upasuaji wa pili. Baipasi wanatengeneza kifuko kidogo juu, saizi ya yai hivi, wanakiunganisha na utumbo mbele kidogo, na kiungulia wengi kinawaisha. Kwa wastani slivu inaondoa kama robo ya uzito wako wote, baipasi inafika asilimia 30 hivi, lakini baipasi nayo ina mambo yake, ukila sukari nyingi chakula kinakimbilia utumboni, unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, unatamani ulale chini.

Kamera inaangalia pia kama una wadudu wa vidonda vya tumbo, H. pylori, wakikutwa watibiwe kwanza. Damu wanatafuta chuma, B12, vitamini D na folate, kwa sababu watu wanene wengi wana upungufu wa hivi vitu hata kama wanakula sana, na baada ya upasuaji kuvirudisha ni kazi kubwa zaidi. Na vidonge vya vitamini ni vya maisha yako yote, sio mpaka chupa iishe. Kwa hiyo usichague operesheni ya rafiki yako, tumbo ni lako.

Dada Nesi, nimeolewa miaka sita sijapata mtoto. Nimeambiwa nikipungua nitashika. Naweza kuanza kujaribu mara tu nikitoka hospitali? — Mwenye matumaini

Subiri mpenzi wangu. Ushauri ni miezi 12 mpaka 18, uzito utulie kwanza, maana kwenye ile miezi ya mwanzo mwili wako wenyewe unakula akiba na mtoto atakosa cha kujengea. Na tatizo ni kwamba yai linaweza kuanza kutoka mapema tu mara uzito ukianza kushuka, mwanamke ambaye hajawahi kutumia kinga miaka sita anashtukia mwezi wa nne ana mimba. Kwa hiyo, japo linakuchekesha, wewe unahitaji uzazi wa mpango, na upange kabla hujalazwa. Baada ya baipasi vidonge vinaweza visifyonzwe vizuri, kitanzi au kijiti ni salama zaidi. Na kama sasa hivi unameza vidonge vyenye estrojeni waambie, vingi husimamishwa kama wiki 4 kabla kwa ajili ya hatari ya damu kuganda.

Nimepangiwa kuonana na mwanasaikolojia kabla ya operesheni. Mimi sio kichaa nesi. — Nimekasirika

Hapana, hapimi ukichaa. Anataka kujua unakula ukiwa na nini: njaa, hasira, upweke, usiku watu wakilala. Tumbo linakatwa, ile sababu inabaki, na mtu aliyekuwa anajifariji kwa chakula anaweza kuhamia kwenye pombe, na baada ya baipasi hasa pombe inaingia kwenye damu haraka na kwa wingi kuliko zamani. Mwambie ukweli, hata ule wa sahani ya saa nane usiku.

Wakati unamsubiri fanya mazoezi ya kula. Chukua yai moja la kuchemsha na kijiko cha chai, weka simu mbali, tafuna kila kipande mara 20, lengo ni dakika 20. Mi nilijaribu nikamaliza dakika ya sita, na mi ndo nawafundisha watu. Na zoea kutokunywa maji pamoja na chakula, acha kama nusu saa baada ya kula ndo unywe, kwa mafunda madogo.

Nesi, sitaki watu wajue. Nimewaambia nyumbani wote kwamba naenda kufanyiwa henia. Kuna ubaya? — Siri yangu

Majirani, wakwe, watu wa kazini, waambie henia, sioni ubaya, mwili ni wako na midomo ya watu tunaijua. Ila mtu mmoja anayelala nyumba hiyo hiyo lazima ajue jina kamili la operesheni. Wiki za mwanzo ndo kuna hatari ya kuvuja pale paliposhonwa au damu kuganda, na dalili zake zinaweza kuanza kimya kimya: moyo unakwenda mbio hata umekaa, homa, maumivu ya tumbo yanaongezeka au yanapanda begani, pumzi inabana, mguu mmoja unavimba. Ukikimbizwa usiku hospitali nyingine huku huwezi kuongea, na anayekupeleka anasema henia, daktari ataanza kutafuta kwenye henia. Anaweza hata kukupitishia mpira puani mpaka tumboni kama kawaida yake bila kujua huko kuna mshono mpya, au akakuchoma diclofenac ya maumivu, dawa ambayo mtu wa baipasi anatakiwa akae nayo mbali pamoja na ibuprofen, zinaleta vidonda.

Mwandikie kikaratasi: jina la operesheni, tarehe, dawa zako, namba ya simu ya wodi. Akikunje akiweke kwenye pochi yake, sio yako.