Kitabu peke yake? Hapana

Swali lenu la wiki hii, kama vitabu vya picha vinaweza kumfundisha mtoto wema, limenichokonoa. Jibu langu ni hapana. Huku kwetu Tabora mtoto hufundishwa wema kwa kutumwa: mpelekee mzazi uji, mpokee babu ndoo, mwamkie kila unayekutana naye, hata mlevi. Sisi tuliokulia Ng'ambo, chini ya miembe, hatukuwa na vitabu vya rangi. Tulikuwa na Sungura na Fisi, na wote wawili walikuwa matapeli.

Najua wapo wanaojitahidi. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza tangu 1991, na vitabu vizuri vya Kiswahili vipo. Lakini vingi vinavyotufikia ni vya kupewa, na humo wema ni dubu kumfunika sungura blanketi kwenye theluji. Mjukuu wangu alidhani ni unga umemwagika, akamsikitikia mwenye unga.

Sasa kuna kimoja. Tulikuwa mkekani, mimi nachambua maharage, yeye kanishikia kitabu magotini. Picha ilikuwa ya watoto wanacheza rede. Nyuma kabisa, ukutani, kasimama msichana, kidole mdomoni, kamba ya kiatu kimoja imefunguka. Maneno ya ukurasa ule hayakumtaja hata kidogo. Nikataka kufunua, mjukuu akagandamiza karatasi kwa kiganja.

"Bibi, huyu hawamwiti."

"Kwa nini?"

"Labda ni Mrundi."

Nikanyamaza, naye akaendelea mwenyewe. Darasani kwao yuko binti ambaye kwao ni Ulyankulu, makazi ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi hapa mkoani. Wakicheza, wenzake humwambia arudi Burundi. Jamani! Wazee wake walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Mwaka 2014 serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo. Mama yake huyo binti kazaliwa hapa hapa mkoani, tunaimba naye kwaya. Mtoto wa darasa la pili neno hilo kalitoa wapi, kama si kwenye nyua zetu, tukimenya karanga na kusema "wale wakimbizi"?

Nikamuuliza, "Na wewe wakimwambia hivyo, unafanyaje?"

"Mimi nacheka kidogo tu."

Kidogo tu! Maharage yakalala hapo hapo.

Ningemuuliza ana kwa ana kama anamcheka mwenzake, angeapa kwa Mungu kwamba hafanyi. Kwa yule wa kwenye picha hakuwa na cha kujitetea, ndiyo maana alisema. Nimeandika mpaka hapa na hapana yangu imeanza kulegea. Mwenye uwezo anunue. Ila asimkabidhi mtoto kitabu halafu yeye akainamia simu, na wala asikimbilie kufunua. Wachoraji nao watuwekee watoto wa pembeni wasiotajwa kwenye maneno, maana vile vinavyomaliza kila ukurasa kwa "tupendane" mjukuu wangu huvifunga mapema.

Sidai kwamba kitabu kilimbadilisha. Mwalimu anasema siku hizi yule binti anaitwa mchezoni na mjukuu wangu ni miongoni mwa wanaomwita. Lakini nasikia pia binti mwenyewe ana shabaha kali kwenye rede, na kila upande unamtaka.