Maswali yenu: Kwanini Marekani ilikataa Shirikisho la Mataifa?

Swali: Hivi ni kweli Marekani ndo walililea wazo la Shirikisho la Mataifa, lile la kabla ya UN, halafu wenyewe wakagoma kujiunga?

Kweli kabisa. Rais Wilson wa Marekani alilipigania kule Paris, kwenye mazungumzo ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpaka likaingizwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza vita na Ujerumani, ila kwao mkataba haupiti mpaka theluthi mbili ya maseneta wakubali, na Seneti ilikuwa ya Republican, wapinzani wake.

Swali: Kwani waliopinga walitaka vita iendelee?

Hapana jamani, hapa tunawaonea. Ishu ilikuwa kifungu cha 10 cha kanuni za Shirikisho, kila mwanachama aahidi kulinda mipaka ya mwenzake akivamiwa, sasa Seneta Lodge, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, akahoji kitu cha msingi sana, nani atawapeleka vijana wetu vitani wakati katiba inasema vita inatangazwa na Kongresi? Akaja na masharti 14. Wapo waliogoma jumla, kama Seneta Borah wa Idaho, hao hata ungewawekea masharti 100 wasingekubali, na Wamarekani wengi wenye asili ya Ireland nao walichukia Uingereza na himaya yake kupata kura 6 wakati Marekani ina 1.

Swali: Sasa kosa la nani?

Mimi namlaumu Wilson, na nasema hivyo nikiamini wazo lake lilikuwa zuri. Alienda Paris bila seneta hata mmoja, aliporudi akagoma kulegeza, akazunguka nchi nzima kwa treni kuwashawishi wananchi mpaka mwili ukachoka, Oktoba 1919 akapata kiharusi, na bado akiwa mgonjwa akawaambia Democrat wenzake waukatae mkataba wenye masharti ya Lodge. Machi 1920 kura za mkataba huo wenye masharti zikawa 49 za ndiyo kwa 35 za hapana. Zilipungua 7 tu kufika theluthi mbili! Angewaruhusu watu wake tu ungepita.

Swali: Sisi Afrika ilituhusu nini?

Ilituhusu sana. Shirikisho hilohilo ndo lililoidhinisha Uingereza kuisimamia Tanganyika mwaka 1922, na Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi. Halafu 1935 Italia ikavamia Ethiopia, Shirikisho likaiwekea vikwazo lakini mafuta likayaacha, hoja mojawapo ikiwa kwamba Marekani haimo, itamuuzia tu Mussolini, mtawala wa Italia. Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, akaenda mwenyewe Geneva, makao ya Shirikisho, Juni 1936 kuwalilia, mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa.