Kizito hakuwa na Biblia nzima

Nimezaliwa Busia, huku upande wa Uganda. Mama Mkatoliki wa rozari kila jioni, baba Mprotestanti, alafu kuna shangazi mlokole ambaye akija nyumbani anatuombea kwa sauti mpaka majirani wanachungulia. Sasa mtoto aamini nani? Mi nilikuwa naamini yule aliyeongea mwisho.

Nikakua hivyo hivyo mpaka nikaangukia kanisa moja mtaani, mchungaji akasema tupande mbegu, yaani tutoe pesa ili Mungu atubariki, nikauza mbuzi wangu wawili nikapanda, nikangoja kazi, nikangoja, mbuzi zimeenda na kazi haikuja. Ndo nikaanza kujiuliza, nikitoa ya mchungaji na ya shangazi nabaki na nini changu mwenyewe?

Kilichonisaidia ni Namugongo, kule karibu na Kampala wanakokumbukwa mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Nilimsindikiza mama tarehe 3 Juni, watu ni wengi balaa, wengine wametembea kwa miguu siku na siku. Wakatoliki wanasali kwao na Waanglikana kwao, na si mbali. Lakini wale mashahidi, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, aliyewaua ni Kabaka (mfalme wa Buganda) mmoja, Mwanga, na wengi walichomwa siku hiyo hiyo ya 1886. Aliyenishika zaidi ni Kizito, mtoto wa miaka kama 14, shahidi mwenzake Karoli Lwanga alimbatiza siku chache tu kabla. Alijua nini huyu? Wamisionari walikuwa wamefika Buganda juzi tu, 1877 na 1879, na Biblia nzima ya Kiganda ilikuja kutoka 1896. Haya makanisa yanayobishania, suruali kwa wanawake, kusali Jumamosi au Jumapili, kubatiza kwa maji mengi au kidogo, sidhani kama yalimpitia kichwani.

Basi nikanunua daftari. Kila ninachodai naamini nakiandika, alafu nauliza: hiki Kizito angekifia? Kama siyo kinaenda ukurasa wa nyuma. Na usifanye ukiwa na hasira, mimi mara ya kwanza nilifuta karibu kila kitu na kumbe ni mbuzi tu zilikuwa zinaniuma.

Ukikosa pa kuanzia fungua 1 Wakorintho 15 mstari wa 3 na wa 4, Paulo mwenyewe anasema hayo ndo aliyowapa kwanza: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Hapo kwa kufufuka nilikwama miezi, niliandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena. Usiandike kwa peni kitu huna hakika nacho ati kwa sababu kanisa zima linaitikia amina.

Ya ukurasa wa nyuma sikuyatupa, rozari bado nasali na mama, naipenda, ila sitamwambia mtu ataangamia kwa kutosali.

Leo kufufuka kuko kwa peni. Jehanamu bado ni penseli, na siku nilimwambia shangazi hivyo, majirani walichungulia tena.