Nishani ya Kikosi Haina Mwenyewe Mmoja

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya kupekua rekodi za askari wa zamani hapa Nairobi, swali moja mtalizoea upesi: "Babu alipewa nishani ya ushujaa?" Msikimbilie kujibu. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja alinijia na nyota ya shaba aliyoifunga kwenye leso, utepe wake mwekundu katikati, buluu na rangi ya machungwa pembeni. Nikamwambia kwa furaha kwamba baba yake alitunukiwa kwa ujasiri. Kumbe ilikuwa Burma Star, medali ya waliotumikia vita vya Bama, na Keya, askari wa King's African Rifles, waliokwenda huko walikuwa maelfu. Ilibidi nimpigie simu nimweleze. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo mzee hakufanya kitu?" Swali hilo linaniuma hadi leo. Mzee alikuwa amefanya. Mimi ndiye niliyemvika heshima isiyo yake nikaifunika ile yake.

Basi tenganisheni mambo matatu: medali ya kushiriki vita, nishani ya ushujaa wa mtu, na heshima ya kikosi kizima. Hiyo ya tatu ndiyo hutuangusha.

Marekani wanayo heshima ya namna hiyo, Presidential Unit Citation, iliyoanzishwa mwaka 1942 kwa jina jingine. Kikosi hupimwa kana kwamba ni mtu mmoja: ujasiri wake lazima ufikie kiwango ambacho kingempatia askari mmoja nishani ya Distinguished Service Cross. Katika jeshi lao la nchi kavu, aliyekuwepo siku ya mapigano huvaa utepe wa heshima hiyo maisha yake yote. Aliyejiunga baadaye huuvaa akiwa ndani ya kikosi, na akihamishwa anauvua. Ndiyo maana picha pekee haitoshi kuwathibitishia kwamba mtu alipigana. Tafuteni orodha ya majina ya siku ile. Tena heshima hiyo huvuka mipaka: batalioni ya kwanza ya Gloucestershire, Waingereza, iliipata kwa mapigano ya mto Imjin, Korea, Aprili 1951.

Waingereza walikuwa na njia yao, na mimi huipenda kuliko zote. Kanuni za Victoria Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, za mwaka 1856 ziliruhusu kikosi ambacho wote walipigana kwa ujasiri sawa kipige kura kuchagua wa kuvaa nishani kwa niaba ya wenzao. Mara ya mwisho ilikuwa baada ya shambulio la Zeebrugge, Aprili 1918, ambapo wanamaji walimchagua Kapteni Edward Bamford na Sajini Norman Finch. Kwa hiyo ukikuta jina la mtu mmoja kwenye gazeti la serikali, huenda nyuma yake limesimama kundi zima.

Lakini hata kundi lina mpaka, na hapa nawaomba mtulie. Tembeeni Kenyatta Avenue mkaitazame ile sanamu ya askari. Pamoja na wenye bunduki yumo mpagazi. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 ndio waliobeba risasi na chakula cha jeshi, wakafa kwa maelfu mengi, wengi kwa maradhi. Bendera za vikosi zina majina ya mapigano. Wao jina lao limebaki Kariokor, kwenye soko na mtaa, kutokana na Carrier Corps. Mkisoma kwamba kombania fulani ilishikilia kilima siku tatu, ulizeni maji yalifikaje juu, na nani aliyapeleka.

Mkiandikia familia, msiandike "alitunukiwa." Andikeni "alitumikia kikosi kilichotunukiwa," mtaje siku na mahali, kisha mseme kama alikuwepo au alijiunga baadaye. Orodha ikikosekana, iacheni nafasi hiyo wazi kwenye kadi, ili atakayeipata aijaze.