Maji kujaa na kupwa ukichanganya na upepo na jua

Umeuliza ukiunganisha umeme wa bahari (unaotokana na maji kujaa na kupwa), upepo na sola kama hautakatika kabisa. Unasaidia sana ila betri lazima iwepo. Jua likizama sola imelala, upepo nao unakuja unavyotaka, lakini maji kujaa na kupwa unayapigia hesabu hata ya mwaka ujao, unajua saa ngapi yatakimbia, hapo ndo utamu ulipo kaka, watu wa gridi wanajipanga mapema. Shida ni kwamba kila baada ya masaa kama sita maji yanasimama kidogo kabla hayajageuka, na wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, mkondo unakuwa dhaifu, nguvu yenyewe iko kwenye bamvua, siku maji yanajaa na kupwa kupita kawaida.

Cheki Shetland kule Scotland, kampuni ya Nova Innovation wameweka mapangaboi ya kuzalisha umeme chini ya bahari pale kwenye mlango wa bahari wa Bluemull Sound, na 2018 wakaongeza betri ya Tesla ili umeme uwepo hata maji yakisimama. Ufaransa nao wana La Rance, kituo cha umeme wa maji kujaa na kupwa, megawati 240, tangu 1966. Kinachokwamisha wengine ni hela, chumvi inakula vyuma na kila matengenezo yanataka meli.