Maswali ya Wasomaji: Eneo la lami kwenye kipilefti

SWALI: Naandaa makisio ya lami ya kipilefti kinachounganisha barabara nne. Mchoro unaonyesha kipenyo cha nje mita 36 na cha kisiwa mita 20. Nimechukua nusu vipenyo, nikatoa 10 kwenye 18 nikapata 8, kisha 3.14 × 8 × 8, jibu mita za mraba 201. Fundi anasema ni ndogo mno. Nimekosea wapi? Na nitahakikije vipimo ilhali katikati kuna mnara?

JIBU: Fundi yuko sahihi. Umetoa kabla ya kuzidisha, ukapata duara ambalo halipo popote barabarani. Zidisha kwanza: 18 × 18 = 324, na 10 × 10 = 100. Tofauti ni 224, mara 3.1416 unapata mita za mraba 703.7. Kuhakiki, chukua upana wa njia, mita 8, uzidishe kwa mzingo wa mstari unaopita katikati ya njia, mita 87.96. Lazima majibu yalingane.

Mnara haukuzuii. Zungusha futikamba kwenye mawe ya ukingo wa kisiwa, ugawe kwa 6.283; ukipata mzingo wa mita 62.8, nusu kipenyo ni 10. Ukingo wa nje umekatwa na midomo ya barabara, yaani pale barabara zinapoingia kwenye duara, kwa hiyo nyosha kamba ya mita 12 kati ya nukta mbili za ukingo, kisha pima kina kutoka katikati ya kamba hadi kwenye mawe. Zidisha kina kwa 8, gawa 144 (yaani 12 × 12) kwa jibu hilo, kisha ongeza nusu ya kina; hiyo ndiyo nusu kipenyo ya nje. Kina cha mita 1.03 kinatoa 18. Lakini ukisoma 1.05, kosa la sentimita 2 tu, utapata 17.67! Tumia kamba ndefu kadiri ukingo unavyoruhusu, upime sehemu mbili tatu.

Sasa midomo, ambayo wengi huikosea. Tuseme kila mdomo una upana wa mita 14 unapoanzia, na kila baada ya mita 2 unapungua: 11, 9, 8, mwisho 7.5. Chukua nusu ya upana wa kwanza na nusu ya wa mwisho, jumlisha na zile za kati, zidisha kwa 2: mita za mraba 77.5. Usiishie hapo. Mstari ule wa mita 14 umenyooka, ilhali duara limebinuka mita 1.42 kuupita, kipande hicho umeshakihesabu ndani ya duara. Theluthi mbili ya 14 × 1.42 ni 13.3. Kitoe, ubaki na 64.2. Kwa midomo minne, ukisahau, unaagiza lami ya mita za mraba 53 zisizokuwepo.

Jumla ni 703.7 + 256.8, yaani 960.5. Kwa lami ya sentimita 5 baada ya kushindiliwa, ukikadiria tani 2.4 kwa mita ya ujazo, agiza kama tani 115. Kama kisiwa kimezungushiwa ukanda wa zege wa kukanyagwa na matairi ya nyuma ya malori, pima nusu kipenyo cha ndani kutoka ukingo wa nje wa ukanda huo; zege lina makisio yake.