Mkaa, majivu na hesabu ya Einstein

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Unauliza: ikiwa tungamo, yaani kile tunachokipima kwa kilo, na nishati ni kitu kimoja, mbona gunia zima la mkaa huishia majivu ya kujaza ndoo tu? Je, uzito uliopotea ndio ulioivisha makande?

Hapana, uzito ule ulipanda hewani. Kilo moja ya kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mkaa, ikiungua hushika karibu kilo 2.7 za oksijeni, na kinachotoka ni kilo 3.7 za hewa ukaa. Ungeinasa yote ukaipima, mizani ya sokoni Mbuyuni isingeonyesha pungufu lolote, wala ya maabara niliyofundishia.

Lakini pungufu lipo. Einstein alilieleza mwaka 1905: kitu kikitoa nishati, tungamo lake hupungua kwa kiasi cha nishati hiyo ukiigawa kwa kasi ya mwanga, kisha ukaigawa tena kwa kasi hiyohiyo. Na mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde! Kwa ile kilo moja, kinachopungua ni kama theluthi ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Wala hakuna atomi iliyotoweka. Zote zipo, zimejipanga upya tu. Kilichoondoka ni joto, na joto lina tungamo lake. Ndiyo maana birika la chai ya moto, likizibwa mvuke usitoke, ni zito kuliko likipoa, japo hakuna mkono wa kulihisi. Watu husema tungamo "linageuka" nishati. Kauli hiyo siipendi, naona ndiyo iliyokupoteza.

Penye kiini cha atomi ndipo pungufu huonekana. Mwaka 1932, wanafizikia Cockcroft na Walton kule Cambridge, Uingereza, walipasua kiini cha lithiamu kwa chembe za protoni, na nishati ya vipande ikalingana na tungamo lililopungua. Jua nalo huunganisha haidrojeni kuwa heli, likipungua tani milioni 4 hivi kila sekunde. Usiogope: tangu lizaliwe halijapoteza kwa njia hiyo hata sehemu moja ya elfu.

Gramu moja tu, ingetoa nishati yake yote, ni uniti za umeme wa Luku milioni 25. Mitambo ya umeme ya bwawa la Nyumba ya Mungu, megawati 8, ingezunguka usiku na mchana zaidi ya miezi minne kuzifikisha.

Mdogo wako naye anauliza hayohayo. Ukija Desemba mweleze wewe; mimi nikianza tu, anadhani nimeingia darasani.

Mama yako,
Moshi